UZI: Kuna ukoo wa nyoka unaitwa "Dodoma" huku Ulaya. Tuongee namna ya kuulinda usipotee

Mtoto_wa_Kongwa (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni akitulia.

Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, Dodoma, nipo Dortmund, Ujerumani, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka wangu wa pili huku, jamaa tunayefanya naye kazi alinichukua twende Hamm, mji wa jirani tu, kwenye maonyesho ya reptilia yanayofanyika kumbi za Zentralhallen. Ambaye hajafika ajue ni meza kwa meza, vikopo vya plastiki havihesabiki, watu wametoka Uholanzi, Ubelgiji, Italia, Jamhuri ya Czech. Mimi nilikuwa napita natazama tu, sina nia ya kununua chochote. Mara kwenye kikopo kimoja nikaona neno limeandikwa kwa kalamu nyeusi: Dodoma.

Nilisimama pale kama niliyeitwa jina langu. Nikainama. Ndani ya kikopo, juu ya karatasi ya jikoni iliyokunjwa, kulikuwa na nyoka mdogo, unene wa penseli, rangi ya chungwa kama udongo wetu ukishanyeshewa mvua ya kwanza, na madoa meusi mgongoni. Macho madogo yamekaa juu ya kichwa. Mkia mfupi, butu, umechongoka kidogo tu nchani. Nikamtambua palepale. Ndiye yule tuliyekuwa tunamfukua shambani wakati wa karanga, marehemu babu akituambia tumwache apite. Nyumbani tulimwita ndumilakuwili, kwa kuwa ukimwona kwa haraka hujui kichwa kipo upande gani. Hana sumu.

Kitaalamu ni Eryx colubrinus. Linnaeus ndiye aliyemwandika mwaka 1758. Anaishi kuanzia Misri, Sudan, Ethiopia, Somalia, Kenya, hadi kwetu Tanzania. Sokoni huku wanamtaja kwa jina la Kenya, lakini wale wanaotokana na nyoka waliochukuliwa maeneo ya Dodoma wameachiwa jina la Dodoma, na wafugaji wanawatafuta kwa ile rangi ya chungwa iliyokolea.

Sasa shida iliyonifanya nifungue uzi. Nyoka hawa wa Dodoma waliopo huku ni wajukuu na vilembwe vya wachache waliotoka zamani. Mwaka 2016 Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mimi naunga mkono kufungwa huko, nitaeleza mbele. Ila maana yake ni kwamba damu mpya kutoka nyumbani haiji. Kilichopo ndicho hicho. Kila mwaka naona ukoo huu ukichanganywa na rangi nyingine, halafu watoto wanauzwa kwa jina lilelile la Dodoma. Tukiendelea hivi, jina litabaki kwenye vikopo na nyoka mwenyewe hayupo.

Nina saba wakubwa: madume matatu, majike manne. Nataka tujadili namna ya kuzalisha kwa mpango. Wenye uzoefu wa kufuga mnyama yeyote kwa ukoo, awe kuku, njiwa au mbuzi, karibuni. Hesabu za damu ni zilezile.

Kuchi_Original

Mkuu nimekaa mbele kabisa. Mimi nafuga kuku aina ya kuchi, Singida. Nyoka siwajui na sitaki kuwajua, lakini ulichosema nakielewa kabisa. Sisi jogoo akishapanda mabinti zake kizazi cha kwanza bado utamwona mzuri. Cha pili mayai yanaanza kutoangua. Cha tatu vifaranga vinatoka vidole vimepinda. Dawa yetu ni kubadilishana jogoo na mtu wa mbali, ambaye kuku wake hawajawahi kukutana na wa kwako. Je, kwa nyoka inawezekana, au huko kila mtu kaficha wa kwake?

Bint_Mlimani

Samahani mleta uzi, naomba kueleweshwa kitu kimoja. Kama rangi ni rangi, si ukimpandisha wa chungwa na yeyote watoto nusu watatoka wa chungwa? Mbona unasema ukoo unapotea?

Mtoto_wa_Kongwa

Dada Bint_Mlimani, swali lako ndiyo kiini cha uzi wenyewe.

Rangi ziko za namna mbili. Ya kwanza inaletwa na jeni moja. Mfano zeruzeru: jeni yake ni fiche, yaani mtoto lazima arithi nakala kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama ndipo ionekane. Akirithi moja tu, utamwona wa kawaida ila ameibeba. Ukiwakutanisha wabebaji wawili, kwa wastani mmoja kati ya wanne anatoka zeruzeru. Kwa nyoka hawa kuna pia jeni fiche inayoondoa wekundu, akabaki mweusi na kijivu. Ukitaka mtoto mwenye zote mbili, yule mweupe wanayemtafuta sana, na wazazi wote ni wabebaji tu, utampata mmoja kwa kumi na sita. Rangi ya namna hiyo haipotei kirahisi. Inajificha ndani, na miaka mingi baadaye inaweza kuibuka.

Ya pili ni rangi kama ya Dodoma. Hii haiko kwenye jeni moja. Ni mambo mengi madogo yamekusanyika kwa kukaa sehemu moja muda mrefu: ukolevu wa chungwa, ukubwa wa madoa, upana wa nafasi kati ya doa na doa. Ukimpandisha Dodoma na nyoka wa kawaida, huwapati nusu hivi na nusu vile. Unawapata wote katikati, kama chai uliyoongeza maji. Na maji yakishaingia kwenye chai, huyatoi.

Kuchi_Original, kaka, vidole vilivyopinda navijua. Kwangu ulikuwa uti wa mgongo. Nikirudi kazini jioni nitaeleza.

Mtoto_wa_Kongwa

Nimerudi. Hii ni ya mwaka 2019, na ndiyo iliyonifundisha kila ninachokisema humu.

Jozi yangu ya kwanza nilinunua meza moja, muuzaji mmoja. Nilimuuliza mara mbili kama wana undugu, akasema hawana. Nikawalea miaka mitatu na zaidi, kwa sababu jike hafai kupandishwa mapema. Aprili ile nikaweka dume kwenye sanduku la jike. Waliowahi kuona watakubaliana nami kwamba ni kitu cha kutazama: jike amejizika kwenye maranda, haonekani, dume anachimba kwa pua yake iliyochongoka kama jembe, anapita chini yake, anamwinua. Unaona maranda yanapanda na kushuka usiku kucha.

Hawa hawatagi, wanazaa. Jike aliacha kula mwezi Juni, akahamia upande wenye joto, akawa amelala hapo kama mkate uliosahauliwa kwenye jiko. Mwanzoni mwa Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, nikafunua sanduku nikakuta harufu ya mvua na watoto kumi na mmoja.

Watatu walikuwa wamekufa ndani ya utando. Mmoja alikuwa hai ila mgongo umepinda sehemu mbili, kama waya ulionyooshwa vibaya. Huyo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo tukakubaliana asiteseke. Kati ya waliobaki, wawili walikuwa zeruzeru. Chungwa na njano, macho mekundu.

Nilikaa sakafuni nikiwatazama. Wenzangu kazini walinipongeza, wakasema zeruzeru wana bei. Mimi nilikuwa nimeelewa. Zeruzeru hatoki mpaka wazazi wote wawili wameibeba jeni ileile. Kwa hiyo mtu fulani huko nyuma alichanganya ukoo huu na wa zeruzeru, akauza watoto kwa jina la Dodoma. Na jozi yangu kubeba siri moja, juu ya wale waliokufa, kulinipa shaka nyingine. Nikampigia muuzaji. Safari hii alikiri: walikuwa wa tumbo moja, kaka na dada.

Watoto wa kaka na dada wana kiwango cha undugu wa damu cha asilimia 25. Wa mzazi na mtoto wake, vilevile 25. Nusu ndugu, 12.5. Binamu wa kwanza, 6.25. Maana yake ni kwamba katika robo ya sehemu za jeni zake, mtoto amepata nakala ileile pande zote mbili, na ubaya wowote uliokuwa umejificha hapo hauna cha kuufunika.

Ile jozi ninayo hadi leo. Wanakula vizuri, hawapandishwi. Watoto niliwagawa wakiwa na karatasi iliyoandikwa "mchanganyiko, mbebaji wa zeruzeru". Hakuna aliyetoka kwangu kwa jina la Dodoma.

Daktari_Mtarajiwa_Moro

Pole sana mkuu. Mimi nasoma udaktari wa wanyama Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA). Niongeze mawili ambayo wafugaji wa rangi wanapaswa kuyajua.

La kwanza ni mijusi wa Lemon Frost. Ni rangi ya yule mjusi mwenye madoa ya chui, asili yake Pakistan, Afghanistan na India. Rangi hiyo ilipotokea watu waliigombania. Baadaye vikaanza kuonekana vivimbe vyeupe kwenye ngozi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kwamba jeni inayohusika inaitwa SPINT1, na zaidi ya asilimia 80 ya wanaoibeba wanapata uvimbe wa seli zilezile zinazotengeneza ule weupe. Yaani rangi na ugonjwa ni kitu kimoja. Hapo hata ubadilishe dume mara mia haisaidii, njia ni kuacha kuzalisha. Kwa hiyo kabla ya kulinda rangi, uliza kwanza rangi yenyewe imesimama juu ya nini.

La pili lina faraja. Huko Smygehuk, kusini mwa Sweden, kulikuwa na nyoka wachache aina ya Vipera berus, jamii moja na kifutu wetu, wametengwa na mashamba. Nao wanazaa kama wa kwako. Watoto walikuwa wanatoka wafu na wenye kasoro, na idadi ikashuka mpaka wakakaribia kwisha. Mwaka 1992 watafiti wakaleta madume 20 kutoka kundi jingine, wakawaacha misimu minne ya kupandana, kisha wakawaondoa waliobaki hai. Miaka michache baadaye idadi ikapanda kwa kasi, watoto wazima. Taarifa ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1999. Damu ya nje kidogo tu ilitosha.

Pwani_Moja

Hapo kwenye mfano wa Sweden ndipo ninapotaka kumbana mleta uzi kwa heshima. Kaka, kwa nini basi usichukue dume mzuri wa kawaida, asiye Dodoma, mwenye afya, ukaingiza mara moja, kisha ukarudisha watoto kwa Dodoma kizazi baada ya kizazi? Sisi Mombasa wafugaji wa njiwa wanafanya hivyo siku zote. Usafi wa damu ukizidi unaua.

Mtoto_wa_Kongwa

Kaka, hujanibana, umenisaidia. Nimeifikiria njia hiyo usiku mwingi.

Hesabu yake ni hii. Watoto wa mchanganyiko wa kwanza wana nusu ya damu ya Dodoma. Warudishe kwa Dodoma, wajukuu wana robo tatu. Rudisha tena, saba ya nane. Tena, kumi na tano ya kumi na sita. Jike anahitaji kama miaka mitatu kukomaa, kwa hiyo kutoka uzao wa kwanza hadi hapo ni kama miaka tisa. Kuku ungekuwa umemaliza ndani ya miaka mitatu. Na muda wote huo lazima uwe na Dodoma wengine wasio ndugu wa kuwarudishia, maana ukimrudishia dume yuleyule kila mara, umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Siipingi. Ikifika siku hakuna njia nyingine, nitaifanya, na nitaandika kwenye kila karatasi ni sehemu ngapi za Dodoma. Kinachoniuma ni uongo wa kwenye kikopo. Mchanganyiko unaotajwa, mtu wa miaka ishirini ijayo anaweza kuupangia. Usiotajwa hata mimi mwenyewe ulinishinda, na nilikuwa nimeuliza mara mbili.

Kabla ya kufika huko, kuna njia aliyotaja Kuchi_Original. Baada ya 2019 nilianza kuandikia watu. Nilimpata mzee mmoja Uholanzi, mstaafu, ana Dodoma wake tangu miaka mingi. Alinifungulia daftari, jalada gumu la kijani, kila nyoka na ukurasa wake: mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kila mwezi, amejivua gamba lini. Akanipa majike wawili wa mama tofauti. Jamhuri ya Czech nikapata dume ambaye ukoo wake haugusi wa mzee kwa vizazi vyote vilivyoandikwa. Na mzee, mwaka uliofuata, alichukua kwangu dume mtoto wa hao. Hakuna pesa iliyopita. Wale ndio waanzilishi wangu wa sasa.

Chamwino_Boy

Mkuu mimi nipo hapahapa Chamwino, Dodoma. Hao nyoka mvua zikianza naweza kukupatia hata kumi kwa wiki. Tuongee pembeni.

Mtoto_wa_Kongwa

Mdogo wangu, nakujibu hapahapa ili na wengine wasome. Hapana, na nakuomba usimfanyie mtu mwingine yeyote pia.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kukamata bila kibali, na kutoa nje kumefungwa. Nyoka hawa wapo pia Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ukikamatwa uwanja wa ndege, atakayelia ni mama yako, aliyekutuma hatajulikana.

Lakini hata sheria isingekuwepo ningesema hapana. Muulize ndugu yetu wa SUA hapo juu kuhusu msitu wa Kimboza, Morogoro. Kuna mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, haishi popote duniani isipokuwa kwenye misitu michache ya eneo hilo, juu ya miti ya mikadi. Kwa ajili ya ile buluu ya madume, kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009 walichukuliwa zaidi ya 32,000. Mikadi ilikatwa ili kuwafikia. Mwaka 2017 wakaingizwa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES. Walichukuliwa na vijana kama wewe, kwa hela ya mboga, na waliowauza huku walipata mara nyingi zaidi.

Wa Chamwino wabaki Chamwino. Ukimfukua shambani mfukie pembeni. Hiyo kwangu ni kazi kubwa kuliko daftari langu lote.

Chamwino_Boy

Nimekuelewa kaka. Sikujua habari ya Kimboza. Hapa kwetu wakimwona wanampiga jembe, wanasema ni wa kutumwa. Nitawaambia hana sumu.

Bint_Mlimani

Asanteni nyote, nimejifunza. Swali la mwisho: watoto wakizaliwa, unachaguaje wa kubaki naye? Yule mwenye chungwa kali kuliko wote?

Mtoto_wa_Kongwa

Hapo zamani nilikosea, na naona wengi bado wanakosea. Ukichagua kila mara yule mkali kuliko wote, baada ya vizazi vitatu wote ni watoto wa baba mmoja, kwa sababu mkali huzaa wakali. Umepata rangi, umepoteza upana wa ukoo.

Mimi sasa siku ya kwanza sitazami rangi hata kidogo. Kwanza rangi ya siku ya kwanza inadanganya, gamba la kwanza likishavuliwa ndipo unaiona. Natazama anavyojizika. Mtoto mzima ukimweka juu ya maranda anatoweka kabla hujafunga kifuniko. Kisha mizani ya jikoni, kila mmoja na namba yake. Kisha chakula: anayekamata kitoto cha panya mwenyewe, bila kubembelezwa, anapata alama mbele ya jina. Baada ya miezi sita ndipo nawapanga kwenye meza mchana, karibu na dirisha, natazama chungwa na madoa. Na katika kila tumbo nabakiza angalau wawili, mmoja mkali na mmoja wa kati mwenye afya ya chuma. Yule wa kati amebeba vitu ambavyo mkali hana, hata kama macho yangu hayavioni.

Jike naye simpandishi kila mwaka. Akizaa, mwaka unaofuata anakula na kupumzika.

Kuchi_Original

Hilo la kubakiza wa kati sikuwahi kulifikiria. Mwaka huu nilikuwa nimeshawauza wote wa kati, nimebaki na wekundu tupu. Nitamfuata jirani nirudishe hata mitetea miwili.

Vipi mwaka huu kwako, kuna aliyebeba?

Mtoto_wa_Kongwa

Yupo. Jike namba 4, binti wa mzee wa Uholanzi, na dume wa Czech. Hajala tangu katikati ya Juni, amelala upande wa joto, nusu ya nyuma imejaa. Nitarudi humu akijifungua.

Mtoto_wa_Kongwa (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi. Jana saa nne usiku. Watoto tisa hai, yai moja ambalo halikurutubishwa, aliyekufa hakuna. Nimewapitisha vidole mgongoni mmoja mmoja, kuanzia shingoni hadi mkiani: wote wamenyooka. Zeruzeru hakuna, na hata mweusi na kijivu hakuna.

Nilipowaweka juu ya maranda walizama wote, isipokuwa namba 7 aliyebaki ametoa kichwa, macho mawili na pua tu. Namba 3 amezaliwa na nafasi pana kati ya madoa, kama ya bibi yake kwenye picha ya daftari la kijani. Asubuhi nimempigia mzee kumwambia. Amesema nimwekee dume mmoja, yeyote nitakayeona anakula vizuri, na nisimchagulie kwa rangi.

Picha naweka wakishajivua gamba la kwanza.